Mashine Iliyotafuna Kanda

Rafiki yangu Nanzala hutema mate kila akinisimulia haya. Alikuwa mwanagenzi katika maktaba ya chuo kimoja hapa Eldoret, akihamishia kanda kuukuu za video kwenye kompyuta. Zilikuwa na ukungu, zikinuka kama soksi zilizolowa.

“Pangusa na spiriti, msichana,” mkutubi, Mama Maximilla, alimwambia.

“Na kucha zangu, Mama?” Alikuwa amezipaka zambarau, zenye vitone vyeupe.

Mashine ya kuchezea video ikala kanda moja. Kabla hajaichomoa, stima zikapotea. Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani, mashine iliendelea kutafuna, polepole, kama mtu anayekula mdomo wazi.

Aliwasha tochi ya simu, akaivuta kanda. Ilitoka na joto, ikidondosha ute unaonuka maziwa yaliyooza. Ndani ya ute mlikuwa na ukucha mzima wa zambarau, wenye vitone vyeupe.

Nanzala alihesabu kucha zake. Zote kumi zilikuwepo.