Kompyuta Isiyopata Joto

Jioni ile nilikuwa nakusanya bisibisi zangu niende nyumbani. Baridi ya Agosti hapa Antananarivo haina adabu. Saa kumi na moja na nusu tu, vidole vimeshakufa ganzi. Ndipo akaja mama mmoja mwembamba, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Fundi Herizo ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini nafunga, mama. Njoo kesho."

"Wenzako wanne wameshaniambia kesho."

Jirani yangu Solofo, muuza chaja, akacheka. "Mhudumie, bwana! Si wewe unayejiita daktari?"

Aliitwa Bakoly. Alichobeba kilikuwa kompyuta mpakato ya mwanawe, Mendrika, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Inawaka, inafika kwenye picha ya mwanzo, inazima, inajiwasha tena. Ndani yake mlikuwa na video moja ya kijana huyo akiongea.

"Sura yake ninayo kwenye picha," alisema. "Sauti ndiyo imenitoka, mwanangu. Naitafuta siipati. Nataka sauti tu."

Nilimwonea huruma, nikakaa tena.

Mimi si mtu wa mizimu. Kompyuta inayozima na kuwaka yenyewe inaumwa joto, basi. Feni imeziba vumbi, prosesa inachemka, mashine inajizima ili isiungue. Nikaiwasha. Ikawaka... ikazima. Ikawaka... ikazima. Nikapitisha kiganja chini yake nisikie moto.

Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikaifungua. Feni ilikuwa imejaa udongo mwekundu, mkavu. Na nyuzi. Nikazitoa moja moja kwa kibano, zikawa nyuzi za hariri. Harufu ikapanda, ya chumba kilichofungwa miaka mingi. Solofo alinusa, akaacha kucheka.

Nikapaka prosesa dawa mpya ya kupoza. Nikaiwasha, ikazima. Nikatoa betri, nikaijaribu kwa chaja tupu. Ikazima. Mwisho nikachomoa diski, nikaitia kwenye kompyuta yangu mwenyewe, nzima kabisa.

Yangu nayo ikazima. Ikawaka. Ikazima...

Nikaichomoa diski haraka. Ndipo nilipokitazama vizuri kile kitambaa. Hariri nzito, mpya, na ukingoni herufi za kalamu nyeusi: MENDRIKA. Kwetu jina huandikwa kwenye sanda, ili wafu wasichanganywe siku ya kuwavalisha upya.

"Mama," nilinong'ona, "sanda hii umeitoa wapi?"

Hakuficha. Mwezi uliopita ukoo wao ulifungua kaburi. Wafu wakatolewa, wakavalishwa sanda mpya, watu wakacheza na tarumbeta. Mendrika alikuwa amezikwa na kompyuta yake, maana aliipenda. Bakoly alipopewa mwanawe ampakate, aliichomoa pale kwenye vitambaa wakati wenzake wanacheza. Akakosa cha kuifichia. Akavuta ile sanda mpya, akaifunga humo. Mwanawe akarudi chini na matambara yaliyooza.

"Cha marehemu hakirudi nyumbani!" Solofo alisema kwa sauti ya chini. "Mrudishie, mama. Leo hii."

"Nimrudishie vipi? Kaburi litafunguliwa baada ya miaka saba. Nikilifungua peke yangu, wataniita mchawi."

Kweli tupu. Na mchawi kwetu hazikwi na watu wake. Asingelala tena karibu na mwanawe, milele.

Kisha kioo cha kompyuta ya Mendrika kikawaka.

Betri ilikuwa mezani. Diski ilikuwa mkononi mwangu. Chaja nilikuwa nimeshaichomoa ukutani.

Kikazima. Kikawaka. Spika ikakwaruza... na ikatoka sauti ya kijana ambaye meno yake yanagongana.

"Mama... nasikia baridi..."

Kikazima.

Solofo alikimbia, akaacha kibanda chake wazi. Bakoly aliinama, akaweka sikio juu ya vitufe.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe."

Kikawaka.

"Nifunike, mama..."

Niliinyakua ile sanda, nikaifunika mashine yote. Chini ya hariri meno yaliendelea kugongana. Aliyetaka kufunikwa hakuwa pale mezani.

"Twende kwa wazee wa ukoo wako," nilimwambia. "Nitasema mimi. Nitasema nilikutuma, lawama zote nibebe mimi. Wafungue kaburi, arudishiwe nguo yake."

"Wakimfunika atanyamaza."

"Mtoto anaumia, mama!"

"Najua."

Aliifunga kompyuta taratibu ndani ya sanda, akaikumbatia kifuani.

"Najua, Herizo. Lakini anaongea."

Nilimshika mkono, akautoa kwa upole. Ngozi yake ilikuwa na baridi ileile. Aliondoka bila kuuliza betri wala diski. Vipo kwangu hadi leo, na sijathubutu kuvigusa. Nilisimama mlangoni nikimtazama akishuka ngazi za mtaa wetu wa Behoririka gizani. Ndani ya kile kitambaa mwanga uliwaka, ukazima, ukawaka. Kila ulipowaka alisimama kidogo, akainamisha kichwa.

"Nipo, mwanangu," nilimsikia akimjibu. "Sema tena."