Samaki wa Birikani

Tima binti Famau alikuwa fundi wa kushona. Kila asubuhi, baada ya kuswali alfajiri, alichemsha chai ya tangawizi, akamwamsha binti yake Mwanamkisi, akamsuka nywele huku mtoto anasinzia, kisha akamsindikiza hadi mlangoni aende chuoni kusoma Kurani. Hapo ndipo alipokaa kwenye charahani. Mumewe alifanya kazi bandarini Mombasa na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Nyumba ilimtegemea Tima.

Tima alikuwa na tabia moja. Hakupenda kuambiwa "ndivyo ilivyo" basi. Akiletewa kanzu yenye mshono asioujua, alifumua kidogo ndani ya pindo aone uzi umepitaje, kisha akaushona tena. Wenye kanzu hawakujua, na sisi hatutawaambia.

Mwaka ule wa 1954 alikuwa amehama kutoka Mbwajumali, kisiwa cha Pate, akapanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe mjini Lamu. Jirani yake alikuwa Shifaa, mpika mahamri, mzaliwa wa mji. Nyumba zao ziliunganishwa na wikio, yaani ujia uliopita juu ya kichochoro, hata wanawake wakaweza kutembeleana bila kushuka chini. Tima akienda kupima nguo za arusi, Mwanamkisi alibaki kwa Shifaa akicheza na binti yake, Nur. Shifaa akizidiwa na kazi, Nur alihamia kwa Tima. Baada ya muda mfupi wanawake wale wawili walipendana sana.

Katika chumba cha kuogea cha Tima kulikuwa na birika, hodhi la mawe na chokaa la kuwekea maji. Siku ya kwanza Tima alichungulia ndani akaona samaki watatu wadogo, urefu wa kidole. Chini kabisa kulikuwa na bakuli la sini.

"Astaghfirullahi!" alisema. "Nitawadhe kwa mai wanayonyea samaki?"

Aliwateka wale samaki kwa kata, akamtupia paka wa kichochoroni. Bakuli alilitoa, akalisugua, akatilia vifungo vya nguo. Kisha akajaza birika maji safi ya kisima, akajipongeza. Hakumuuliza mtu. Yeye, mtu wa kuuliza kila kitu, siku hiyo usafi ulimpanda kichwani.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja Shifaa alimpakata Mwanamkisi, akamfinya shavu. "Mwana huyu amenawiri, jamani! Mtizameni!" Akacheka, akarudi kwake. Hakusema mashaallah.

Siku ya tatu Mwanamkisi alishikwa na homa. Alitetemeka hata meno yakagongana, na ilikuwa adhuhuri ya jua kali. Tima alimbeba hadi hospitali, akapewa vidonge vya siku kadhaa. Siku ya pili homa ilishuka. Tima akaona mtoto amepona, akavihifadhi vidonge vilivyobaki sandukuni.

Baada ya majuma mawili homa ikarudi. Ikaondoka, ikarudi tena. Mtoto alikonda, akakosa chuo, akawa hataki hata uji. Usiku mmoja alimwita mama yake kwa jina la mtu mwingine, na Tima akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Alipokuwa peke yake, aliyakumbuka maneno ya Shifaa. "Ni jicho," aliwaza. "Alimsifu mwanangu bila kumtaja Mungu. Nur ana afya, wangu anakwisha." Fikira ile ilimuuma, lakini hakuweza kuifukuza. Akatia komeo kwenye mlango wa wikio.

Shifaa alibisha. "Tima! Nifungulie, nimemletea mwana mchuzi wa kuku."

"Amelala," Tima alijibu.

Kesho yake Shifaa alibisha tena, akajibiwa vilevile. Siku ya tatu alifika mlangoni asibishe, kisha hatua zake zikasikika zikiondoka. Tima alilia, lakini komeo hakulitoa.

Wiki ile ile, bwana afya alipita nyumba kwa nyumba kabla ya mvua za masika. Jina lake Mahmud, mtu mwembamba mwenye tochi na sauti ya upole. Alipiga hodi chini, akasubiri hata Tima akajifunika shela na kumkaribisha.

"Nimeambiwa kuna mgonjwa hapa, Bi Tima. Naomba nilione birika."

"Mgonjwa yuko kitandani, bwana. Si birikani."

Mahmud alitabasamu. "Huenda ugonjwa umetoka huko."

Alimulika maji. Juu yake walilala vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi. Nuru ilipowagusa, walijipinda wakazama.

"Unawajua hawa?"

"Ni vidudu vya mai tu. Mimi huchuja mai kwa kitambaa."

"Hawa ni viluwiluwi. Ni watoto wa mbu."

Tima alicheka, ingawa hakuwa na furaha. "Bwana, mbu ana mbawa na miguu. Hiki kina mkia. Vitafananaje?"

Bwana afya mwingine angekasirika. Mahmud hakukasirika. "Usiniamini mimi. Yaamini mato yako, utaona mwenyewe. Una gilasi?"

Alichota maji yenye viluwiluwi kumi, akayatia gilasini, akafunika kwa kipande cha melimeli, kitambaa chepesi, na kukifunga kwa uzi. "Weka hapo penye charahani yako. Tazama kila siku. Nitarudi baada ya siku kumi. Na mwana mpe vidonge hivi vyote mpaka viishe, hata akianza kurukaruka. Ukiviacha katikati, ugonjwa hujificha mwilini, kisha hurudi. Alale ndani ya chandarua. Mbu humuuma mgonjwa, akachukua ugonjwa, akampelekea mzima."

"Na jicho?" Tima aliuliza polepole. "Jicho halileti homa?"

"Dua msomee, mama. Lakini homa hii mimi naujua mlango wake."

Tangu hapo Tima alishona mshono mmoja, akatazama gilasi, akashona mwingine. Viluwiluwi walikua. Siku ya nne baadhi yao walijikunja, wakawa na vichwa vikubwa, hawali tena. "Wamekufa," alimwambia Mwanamkisi.

"Hawakufa, mama," mtoto alisema kutoka ndani ya chandarua. "Yule amepiga mbizi."

Siku ya sita, asubuhi, Tima aliona kitu kilichomfanya aondoe mguu kwenye charahani. Kimoja kilipasuka mgongoni. Ndani yake kikatoka kichwa, kisha miguu mirefu, kisha mbawa zilizolowana. Kikasimama juu ya ganda lake tupu kama mtu aliyevua kanzu. Baada ya muda kikaruka, kikagonga melimeli, kikalia ule mlio anaoujua kila mtu.

Mbu!

Tima aliinama karibu na gilasi. Kwanza alifurahi, kwa kuwa alipenda kujua vitu, na hiki kilikuwa cha ajabu kuliko mishono yote aliyowahi kufumua. Kisha furaha ikamtoka. Birika zima limejaa hawa! Alikuwa akiwafuga mwenyewe, hatua chache tu na kitanda cha mwanawe. Na amemtupia lawama Shifaa.

Alitoa komeo, akavuka wikio na gilasi mkononi. Shifaa alikuwa akisukuma mahamri. Hakuinua kichwa.

"Shifaa, nimekuya kukutaka radhi."

"Kwa kosa gani? Mimi siyui hata nalilokukosea."

Tima akamweleza yote, la jicho pia. Hakujificha. Shifaa aliacha kusukuma. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye unga.

"Mimi, Tima? Nimwonee ito la hasidi Mwanamkisi? Siku ngapi amekula kwa mkono wangu?"

"Nalikuwa na hofu. Hofu ilinipofusha. Nisamehe, ndugu yangu."

Shifaa alisukuma unga kando. Halafu akaiangalia gilasi. "Lakini samaki wako walikwenda wapi?"

"Samaki gani?"

"Wa birikani! Kila birika la mji huu lina samaki."

"Naliwapa paka."

Shifaa alimtumbulia macho, kisha akaangua kicheko katikati ya machozi yake. "Paka! Ya Rabbi! Na bakuli?"

"Limejaa vifungo."

"Mai yakipungua, samaki hukimbilia bakulini wasife! Sikukwambia kwa kuwa nasi hatukuambiwa. Tulizaliwa tukawakuta."

"Basi wafanya kazi gani?"

Shifaa aligeukia upande wa birika lake. Kweli, hakuwahi kuuliza. Tima alimshika mkono, wakaenda kwenye birika la Shifaa, wakateka samaki mmoja na kumtia ndani ya bakuli la maji. Tima akamimina viluwiluwi waliobaki gilasini. Samaki alizunguka mara moja. Kiluwiluwi cha kwanza kikatoweka, cha pili, cha tatu. Kabla hawajamaliza kuhesabu, maji yalikuwa matupu.

"Kumbe!" walisema pamoja.

Siku ile ile wanawake hao walimwaga maji yote ya birika la Tima, wakalisugua, wakalijaza upya, wakarudisha bakuli na kutia samaki wanne. Mahmud aliporudi alimulika kila pembe, akazima tochi. "Hapa sina kazi tena," alisema.

Mwanamkisi alimaliza vidonge vyote. Masika yalikuja na kwenda, asishikwe na homa hata mara moja. Alianza kuomba uji kabla haujaiva. Na wateja wa Tima walishangaa: fundi akija kupima nguo, huomba kwanza aoneshwe birika.

Sikukuu ilipokaribia, Tima aliwashonea Mwanamkisi na Nur magauni ya kitambaa kimoja, pindo moja, kipimo kimoja. Asubuhi wasichana walitoka wameshikana mikono, vichwa vimefunikwa sawasawa. Tima na Shifaa walisimama mlangoni wakiwatazama hadi walipokata kona. Kwa mbali Tima hakuweza kujua yupi ni wake, na jambo hilo halikumsumbua hata kidogo.