Maiti Ukurasa wa Kwanza

Stesheni ya Union, huku ughaibuni, jioni ya Januari si mahali pa kupendana. Watu wanasukumana kwa mikoba, theluji iliyoyeyuka imetapakaa sakafuni, na kila mtu ameukodolea macho ubao wa treni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Hapo ndipo Elkana, kijana wa kompyuta mwenye tai iliyolegea na viatu visivyofaa baridi, aliposikia mwanamke akisonya. Wazungu hawajui kusonya. Huo ulikuwa msonyo wa nyumbani, mrefu, wenye dharau kamili.

Akageuka. Mwenyewe alivaa koti la rangi ya damu ya mzee na skafu ya manjano, kitabu kinene mkononi, na alikuwa mzuri kiasi cha kumsahaulisha Elkana safari yake.

"Unamsonya nani, dada?"

"Huyu polisi," akajibu bila kuinua macho kitabuni. "Mume amemwacha, halali usingizi, hali chakula, na ushahidi uko mbele ya pua yake haoni."

"Ni wa wapi huyo?"

"Norway. Na kama umekisoma, usiniambie mwisho."

Hakuwa amekisoma. Elkana hakusoma kitu chochote kilichozidi ujumbe wa simu. Lakini treni ya Pickering ilichelewa, wakakaa kiti kimoja, akaambiwa kwamba huyu ni Gakii, mtu wa Meru, karani wa bima, na kwamba mapenzi yake makubwa ni riwaya za uhalifu za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Zile za giza, ambamo theluji haikomi na muuaji huwa jirani mwema. Elkana akacheka, akaomba namba. Kabla baridi haijaisha walikuwa wapenzi, wakiitana "sweetie" kwenye simu mpaka wenzao kazini wakachoka nao, na mwaka haujaisha akamvisha pete.

Kanisa lao liko Rexdale, na pale hakuna harusi bila darasa la wachumba. Mwalimu ni Mama Shaun, mwanamke mwenye sauti tamu na simu isiyotulia. Siku alipomuuliza Elkana faraghani kama kuna jambo linalomkera, huyo mjinga akafungua moyo. Akasema mchumba wake hasomi ila mauaji, kila siku maiti, na yeye ameanza kuogopa. Hakusema ukweli wa pili, kwamba alikionea kitabu wivu, maana Gakii akisoma hata ukimwita hasikii. Mama Shaun akasema jambo hilo litaombewa.

Likaombewa kwelikweli. Kabla Elkana hajafika kwake, ujumbe ulishatua kwenye grupu la WhatsApp la kanisa: tumkumbuke dada Gakii, afunguliwe kutoka kwa roho ya mauti. Amina zikamiminika. Kenya nako hawakukosa kuusoma.

Simu ikalia.

"Elkana, umenianika."

"Sweetie, lilikuwa ombi tu la maombi."

"Usiniite sweetie. Mama amenipigia kutoka Meru kuniuliza kama nina mapepo. Mama yangu mzazi."

"Sasa mimi nifanye nini? Tukikaa mezani unawaza maiti. Nimeposa mtu ama nimeposa kaburi?"

Gakii akaongea polepole, na hapo ndipo Elkana alipopaswa kuogopa.

"Muda huu wote tuko pamoja. Ulishawahi kuniuliza kwa nini navisoma?"

"Haya, kwa nini?"

"Umechelewa. Mwambie Mama Shaun darasani sirudi."

Akakata. Pete ikarudishwa kwa mkono wa binamu wa Gakii, hata bila salamu.

Elkana alikasirika mpaka akaenda maktaba kuazima kile kitabu cha stesheni, nia yake ikiwa kutafuta uchafu wa kumsuta nao. Alitarajia damu. Damu ilikuwa kidogo. Maiti ilikuwa ukurasa wa kwanza, na baada ya hapo ni nyuso za watu tu, kijiji kizima kinachotaka marehemu asahauliwe haraka, na yule polisi aliyeachwa na mumewe, mwanamke mchovu anayetembea kwenye theluji kubisha milango, akiuliza swali lile lile. Mwanzoni Elkana alimchukia mwanamke huyo. Kisha akaanza kumsubiri. Kila mlango ulipofungwa usoni pake, Elkana alijikuta akimwambia kwa sauti asirudi nyuma.

Ndipo akakumbuka jambo lililomtoa jasho. Mara ya kwanza alipokula kwa Gakii, Gakii alimwambia kwamba baba yake aliokotwa kando ya barabara alfajiri moja, amekufa. Na yeye Elkana alisema kazi ya Mungu haina makosa, akavuta chapati nyingine.

Alimngoja stesheni ya Pickering, pale watu wanaposhuka kwenda kwenye magari yao. Gakii alimwona, uso ukakunjamana.

"Nenda nyumbani, Elkana. Baridi itakuua, na hapa hakuna wa kukuombea."

"Nimekisoma kitabu."

"Hongera."

"Nani alimwona baba yako mara ya mwisho?"

Gakii alisimama ghafla. "Usinichezee polisi. Unadhani ukinichokora kidonda nitakurudia?"

"Usinirudie. Ukipenda, olewa na mwingine. Lakini uliponiambia pale mezani sikuuliza, na sasa nauliza. Nani alimwona mara ya mwisho?"

Gakii alimwangalia kwa chuki tupu. Kisha akaikaza skafu shingoni.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa darasa la saba. Alivaa sweta ya kijani, niliifua mimi. Aliingia kwenye gari la baba mdogo, yule yule aliyesimama kaburini akasema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nilimwambia mama, akaniambia ninyamaze, tutafukuzwa shambani. Polisi hawakuniuliza. Mchungaji hakuniuliza. Elkana, kwenye vile vitabu mtu akifa, kuna mtu anayekataa kunyamaza. Ndiyo sababu."

Neno pole lilimfika Elkana kinywani, akalimeza.

"Baba alikaa mbele au nyuma?"

"Nyuma," akasema Gakii. "Alinipungia mkono."

Akamkamata Elkana koti kwa mikono miwili, akalia mbele ya watu wote wa ile treni, na hakumwachilia.