Gunia Lililozidi Ghalani

Ghala la kilimo la Gisenyi lilikuwa limeibiwa, na bado mali iliyokuwamo ilikuwa imeongezeka.

Asubuhi hiyo ya Septemba 1999, Inspekta Rutagengwa alihesabu magunia ya mbegu mara mbili. Sitini na moja. Hati ilisema sitini. Kabatini ilikosekana lebo moja ya kitambaa, "Zao la Rwanda", nayo ilikuwa imeshonwa kwenye gunia la ziada, la maharage ya rangi rangi. Tangu aanze upelelezi hakuwahi kukutana na mwizi wa namna hiyo.

"Serikali inanunua mbegu ya wakulima ya hapa tu," alieleza Evode, mtunza ghala, jasho likimtoka. "Donc, tunagawia watu ya Kanama, wale vita ilikimbiza. Ya inje haipate lebo. Tukiikamata na lebo ya wizi, tunaichoma. Leo leo."

"Nani huingia humu?"

"Ni mi. Na Mama Régis, anafagia."

Mwanamke mwenye ufagio, pale mlangoni, hakuinua uso.

Gunia la katani halishiki alama za vidole. Rutagengwa akaagiza aitwe Mukashyaka, muuza maharage sokoni, aliyesifika kwa kuijua mbegu ya kila mlima.

Mukashyaka alizamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa konzi moja, akapuliza vumbi.

"Mana we! Hii nilijua ilikufa."

"Imetoka wapi?"

"We unatafuta udongo, afande. Mi naona mutu. Kila nyumba iko na muchanganyiko yake. Hii nyeusi, bibi yake alikuja nayo akiolewa. Hii ya manjano, mama yake. Hii ya madoa, mama mukwe. Mutu wa kuchanganya namna hii iko moja tu: Pascasie wa Kanama."

Inspekta alipigwa na butwaa. Miezi sita alisomea alama za vidole, na leo muuza maharage alikuwa amemwekea ukoo mzima kiganjani. Wanawake waliokufa kabla yeye hajazaliwa, na rangi zao bado zang'aa! Mwili ulimsisimka. Aliogopa hata kudondosha punje moja.

"Huyo Pascasie yuko wapi?"

Mukashyaka akacheka. "Si huyu hapa? Watu wanamuita Mama Régis."

Mwanamke aliegemeza ufagio ukutani.

"Ni mi," alisema.

"Uliiba lebo?"

"Moja tu."

"Maharage ulilima wapi?"

"Goma, ng'ambo ya mupaka, shamba ya dada yangu."

"Basi si zao la Rwanda, mama."

"Mbegu ni ya Kanama! Siku ya kukimbia niliacha sufuria, niliacha nguo, nikafunga hii ndani ya kitenge. Njaa ilitupiga kule, sikuipika. Niliipanda mupaka ikajaa gunia. Kanama hakuna mutu iko nayo tena. Nikauliza Evode, akasema ya Goma haipate lebo."

"Ni kweli," Evode alinong'ona. "Sheria iko vile."

"Ungewapelekea majirani mwenyewe."

"Wanaogopa, afande. Kitu ya kutoka ng'ambo, mutu akiipokea, wanasema iko na watu ya porini, wale waasi. Bila lebo, hakuna nyumba itanifungulia." Machozi yalimtoka. "Mi munifunge. Ile musiichome."

Rutagengwa alikata nyuzi polepole, akaitia lebo kwenye bahasha ya vielelezo.

"Lebo imepatikana. Kosa la wizi utalijibu mahakamani. Kuhusu kuchoma, sheria inataja gunia lenye lebo. Hili halina."

"Na Kanama nani ataipokea?" Pascasie aliuliza.

Inspekta alilitia gunia begani, juu ya sare yake ya polisi.

"Nitabisha hodi mimi. Kituoni tutafika jioni. Ingia garini, unionyeshe nani apewe mbegu."

Pascasie alitangulia garini.

"Tuanzie kwa jirani yangu Niyonsaba," alisema. "Amelima shamba yote, anakosa tu cha kupanda."