Habari za Jana Ubaoni

Shekha alikuwa amechoka hata kutabasamu kulimshinda. Ukumbi wa hoteli ulijaa masanduku ya wageni, buibui lake lilinuka wino, na mashine ya teleksi ilikuwa kimya tangu alfajiri. Kila siku mashine hiyo huleta habari kutoka Nairobi. Shekha huzipiga chapa, nakala moja akaibandika ubaoni na nyingine akaziwekea hoteli za jirani, maana kuziomba upya kila anapokuja mtu ni gharama tupu. Laini ya teleksi ikikatika, huziacha za jana.

Mwaka uliopita Athman, karani wa hoteli moja ya Kilifi, alikuja kuchukua nakala yake, alijikwaa kwenye masanduku kama hayo akamwangukia miguuni, shati jeupe likajaa vumbi. Tangu hapo akawa anampigia simu kila asubuhi kumuuliza kama habari zimeiva. Ikafika Ramadhani, akabadilika ghafla. Sasa hutuma dereva kuchukua habari, na dereva ndiye aliyemwambia Shekha jana yake kwamba Jumamosi Athman anahamia Mombasa. Usiku huo Shekha hakulala.

Alasiri Athman akaja mwenyewe, karatasi mkononi.

"Bi Shekha, umenipa habari za jana. Wageni wana redio zao, wamenicheka."

"Laini imekatika, nami nimechoka."

"Ungesema basi kwamba ni za jana."

Shekha alimtazama. Moyo ulimuuma kuliko miguu.

"Nawe ungesema kwa nini umeninunia."

Athman aliinama, kisha akasema polepole kwamba shangazi yake Shekha alimwambia binti ameshaposwa na mtu wa Mambrui.

"Posa ile baba aliirudisha kabla ya Idi. Mimi mwenyewe niliikataa. Ulikuja kuniuliza?"

"Niliona haya."

"Miezi yote hii, Athman. Mimi laini ikirudi nabandua za jana."

Teleksi ikaanza kugonga nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Shekha hakugeuka kuitazama. Athman akamuuliza, kwa sauti ya chini, leo hali ikoje.

"Leo sijaposwa na mtu. Ya kesho usiniulize mimi."

Athman hakungoja karatasi mpya. Aliomba simu ya mapokezi, akampigia mjomba wake aliyekaa mtaa wa Shela, hapo karibu, akamwambia avae kanzu, wana safari ya kwa baba yake Shekha baada ya magharibi. Shekha akaenda ubaoni kubandua habari za jana.