Aliyemkana Mchumba Wake Kikaoni

"Binti, unamfahamu huyu kijana?"

Mkuu wa idara ya maji aliuliza kwa upole, kalamu yake ikielekea upande wa pili wa meza. Huku walikaa maofisa wake, kule walikaa wenzao kutoka ng'ambo ya mto. Kijana aliyeulizwa habari zake alikuwa amesimama kando ya chati yake, amevaa shati la buluu ambalo binti mwenyewe ndiye aliyemchagulia.

"Simfahamu, mkuu," binti akasema. "Namuona kazini tu."

"Na hizi namba za kisima chetu, ni wewe uliyempa?"

"Hapana."

Macho yote yakamgeukia kijana. Simu yake ilikuwa mezani, na ndani yake kulikuwa na kila ujumbe waliowahi kuandikiana. Hakuigusa.

"Ni kweli," akasema. "Hatufahamiani."

Ulikuwa uongo mtupu. Tangu nchi hizo mbili zikubaliane kupima pamoja maji ya mto ulio mpakani na maji ya chini ya ardhi, binti alipima visima vya ukingo huu na kijana vya ukingo ule, kisha wakapigiana simu kulinganisha. Kijana alimwita Jirani. Binti alimwita Ng'ambo. Simu za kazi zikaanza kurefuka, mpaka siku moja Ng'ambo akamvusha daraja kwenda kwao, na mama mtu akamwita mkwe hata kabla hajamaliza kumsalimia.

Kisha maji ya kisima kilicho karibu na shamba kubwa la umwagiliaji, upande wa Jirani, yakaanza kushuka. Visima vya ng'ambo vikafuata. Kijana aliomba namba, Jirani akamtumia, kwa sababu ndivyo nchi zilivyokubaliana. Kumbe mkuu alikuwa amezikalia. Shamba lile lilikuwa fahari ya wakubwa zake.

"Basi namba hizi zimetungwa," mkuu akahitimisha. "Hatuwezi kujadili vitu vya kuokota."

Kiongozi wa ujumbe wa ng'ambo, mama mmoja wa makamo, alimwambia Ng'ambo akae nje ya kazi mpaka atakapoitwa. Kijana akakunja chati yake na kutoka.

Kwenye korido mkuu alimgusa Jirani begani.

"Umetuokoa, binti yangu."

Jirani alikwenda chooni, akafungua bomba na kunawa uso. Alipoinua kichwa akakutana na kioo, akakigeuzia mgongo. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Ukirudi nyumbani uwe mwangalifu. Barabara ya kwenu huwa mbovu mvua ikinyesha."

Hakuna hata neno moja la lawama. Angetukanwa angepumua. Aliandika "Nisamehe", akafuta, akaandika tena, akafuta.

Jioni simu iliita. Alikuwa mama yake Ng'ambo.

"Mkwe wangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenzio karudi hasemi, chakula hagusi. Mmegombana?"

"Hatujagombana, mama."

"Haya, labda ni uchovu. Maana kisima chetu kimekauka kabisa, tunachota mtoni na punda wanakunywa hapohapo. Yeye alinituliza, akasema mama usijali, nipo na mkwe wako kikaoni, tutalimaliza."

Jirani aliisogeza simu mbali na sikio. Akasingizia mtandao, akakata.

Asubuhi, kabla kikao hakijaendelea, aliingia ofisini kwa mkuu.

"Namba zile nilimpa mimi, mkuu. Nataka kusema."

"Ukisema, visima utavisahau. Nitakutupa stoo ukahesabu mabomba."

"Sawa."

"Kwa ajili ya mwanaume?"

"Kwa ajili yangu. Nimeshindwa kula."

Ndani ya kikao alisimama bila kuitwa. Alishika ukingo wa meza.

"Jana nilidanganya. Yule kijana ni mchumba wangu. Namba za kisima ni za kweli, nilizipima mimi. Yeye alinyamaza ili nisifukuzwe kazi."

Mkuu alitazama viatu vyake. Kiongozi wa ng'ambo ndiye aliyeuliza.

"Kisima kipo wapi? Twende tukapime wote."

Wakaenda. Jirani alishusha utepe wa kupimia mbele yao, unaolia ukigusa maji. Ukashuka, ukashuka, kimya. Ulipolia, kina kilikuwa kimezidi hata kile cha kwenye chati. Siku hiyohiyo wakakubaliana pampu za shamba zipunguzwe, na namba za visima ziende pande zote mbili bila kungoja ruhusa ya mtu. Mkuu naye alitimiza ahadi yake ya stoo.

Jirani alivuka daraja siku ya mapumziko. Ng'ambo alikuwa uani, anafua.

"Nimeambiwa ulichosema," akasema bila kuacha kufua. "Na kazini wamenirudisha."

"Kwa nini ulinifichia siri siku ile ya kwanza? Ungeonyesha simu tu."

"Sikukufichia. Niliona aibu. Ningewaambiaje watu kwamba ni mchumba wangu, wakati mwenyewe kashasema hanijui?"

Jirani aliinamisha kichwa. Machozi yakadondoka kwenye vumbi.

"Nimekusamehe," Ng'ambo akasema. "Ila bado inauma. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Na mimi uliniambia hamjagombana."

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya na wewe."

Mama alisogea hadi uani. Kisha akavuta kigoda, akakipangusa kwa ncha ya khanga.

"Kaa. Harusi mtafunga maji yakirudi. Siwezi kuwapikia wageni kwa maji ya kugombania na punda."

Ng'ambo aliinamia karai kuficha kicheko. Jirani alikaa kwenye kigoda. Kisha akasogea taratibu, akachukua shati moja kwenye karai, akaanza kufua.