Seori Imekufa Mangwon

Ghorofa ya pili ya Nakwon, jengo la maduka ya vyombo vya muziki Seoul, Jumamosi adhuhuri, watu hujaribu magitaa kwa pamoja na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Tak Seonju alikuwa akipita na koti lake refu la kijani, akitafuta waya, aliposikia nota moja katikati ya makelele. Akaifuata. Kwenye kibanda cha vyombo vilivyotumika alimkuta mwanamume mwenye jaketi jeusi lililofura kama mto, kidole chake kikiwa bado kwenye laptopu kuukuu.

"Hiyo ni Seori," Seonju alisema.

"Ndiyo yenyewe."

"Inafanya kazi kweli? Basi naichukua."

"Dada, mkono wangu ndio uliotangulia."

"Na masikio yangu? Yametoka kule kwenye magitaa."

"Masikio hayalipii mzigo." Lakini alikuwa anacheka. Jina lake Pyo Gyuwon. Kazi yake ilikuwa kutengeneza biti, midundo ya warapa.

Seori ilikuwa programu, kinanda cha ndani ya kompyuta chenye sauti baridi, kama glasi inayopulizwa. Kibali chake kilihuishwa kila mwaka, na kampuni iliyokitoa ilikuwa imefungwa zamani, kwa hiyo hata walioinunua kihalali waliipoteza. Vinanda vipya viliishinda kwa kila kipimo. Hata hivyo maprodyuza wa Seoul waliendelea kuiulizia, kama watu wanavyomuulizia mpishi aliyefunga mgahawa. Katika laptopu hii ilikuwa hai kwa sababu moja: mwenye nayo wa kwanza alirudisha saa ya kompyuta nyuma na kuiacha huko.

"Msiguse tarehe," mzee wa kibanda aliwaonya. "Wala intaneti. Ikijua leo ni leo, imekufa."

Seonju aliihitaji kuliko alivyosema. Alikuwa mtunzi wa muziki wa tamthilia ya televisheni, na muziki wa msimu wa kwanza aliupiga kwa Seori, kabla kibali chake hakijaisha. Sasa msimu wa pili ulikuwa unakuja, na mwongozaji alitaka sauti ile ile, la sivyo angetafuta mtu mwingine. Wakachanga, wakainunua pamoja. Wiki kwake, wiki kwa mwenzake.

"Bwana Pyo, laptopu yangu haijambo?" Seonju alimpigia simu.

"Yetu. Imekula, imelala. Ila inakuulizia."

"Inaniulizia yenyewe au mlezi wake?"

"Mlezi hana adabu. Ameshakuwekea maji ya tambi za ramyeon jikoni."

Kufikia majira ya kuchipua, makabidhiano hayo nyumbani kwa Gyuwon, mtaa wa Mangwon, yalichukua siku nzima, na "Bwana Pyo" alikuwa amegeuka "mpenzi".

Siku moja walipiga kipande kifupi pamoja. Seonju alipoondoka, Gyuwon aliona faili lao limeandikwa tarehe ya zamani, ya wakati walipokuwa hawajajuana. Likamkera. Alihakikisha intaneti imezimwa, akaweka tarehe ya kweli, akahifadhi upya, kisha akairudisha saa nyuma. Aliamini hilo lingetosha. Hakujua kwamba programu hujiwekea kumbukumbu ya tarehe ya mwisho iliyoiona.

Zamu yake ilipofika, Seonju aliifungua Seori studioni kwake na kukuta mstari mmoja: kibali kimekwisha. Akapiga simu.

"Umefanya nini?"

"Nilirekebisha tarehe. Dakika moja tu."

"Uliambiwa."

"Niliambiwa. Lakini faili letu lilikuwa na tarehe ya wakati ambao hata sikukujua, nikataka..."

"Kazi yangu inatakiwa wiki hii, Gyuwon. Si wewe uliyesema Seori haistahili kupotezwa kwenye tamthilia za kuliza mama wakwe?"

"Nilikuwa nakutania!"

"Sasa haitapotezwa tena. Umefurahi?"

Akakata. Hakulia. Aliosha mchele, akauweka kwenye sufuria ya umeme, na jioni akagundua hakuwa ameiwasha. Simu za Gyuwon ziliita, akaziangalia mpaka zikanyamaza.

Alipiga muziki wote kwa kinanda kipya kinachoiga Seori. Mwongozaji alisikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Ndiyo hiyo hiyo! Nilijua unayo."

"Asante."

"Mbona kama umefiwa?"

"Nimechoka kidogo tu."

Fundi sauti naye aliridhika. Seonju alisubiri afarijike. Hakufarijika, wala hakuhuzunika. Akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Seonju, nisikilize..."

"Usitoke."

Gyuwon alifungua mlango akiwa na fulana iliyogeuzwa ndani nje. Seonju hakuvua koti. Akampa hedifoni.

"Sikiliza."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwongozaji amesemaje?"

"Amesema ndiyo yenyewe."

Ingetosha kuitikia. Msamaha ulikuwa mlangoni, na uongo mdogo ungeuingiza ndani. Gyuwon akavua hedifoni.

"Siyo yenyewe," alisema. "Seori ilikuwa ikichelewa kidogo kulia ukiibonyeza. Hii inawahi. Pole."

Seonju alikaa kwenye ngazi ya kuvulia viatu.

"Inawahi," alisema. "Nilidhani nimeharibika masikio. Kila mtu ameridhika."

"Mimi sijaridhika."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nitakuwa nazo muda mrefu. Hamia kwangu, uzione kwa karibu."

Gyuwon alimtazama, asijue acheke au la. "Hiyo ni posa au adhabu?"

"Sijaamua," Seonju alisema. "Funga nguo zako."